Mwalimu wa Nyuma ya Minyaa

Wazazi waliishia getini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mwalimu, na sikumbuki nyingine aliyowahi kuisema kwa sauti ya juu. Geti lenyewe lilikuwa bati lililogongelewa kwenye fremu ya mbao, limeinama upande mmoja, na ili lifunguke ilibidi ulinyanyue kidogo. Kila asubuhi alisimama pale katikati, kitenge kimefungwa juu ya gauni, kandambili za kiume miguuni, akipokea mtoto kwa mkono mmoja na kumzuia mzazi kwa mwingine. Ukijaribu kuchungulia, alisogea, ukakutana na bega lake.

"Humu ndani watu wako kazini," alisema. "Na wewe nenda kwenye kazi yako."

Bariadi kuna walimu wengi, lakini ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke kwa Mwalimu, mtaa wa Malambo, hakukuuliza yupi. Alikupeleka moja kwa moja mpaka kwenye uzio mrefu wa minyaa. Nyuma ya minyaa hiyo ndiko alikokuwa akilea watoto wadogo kwa namna ambayo nusu ya mji iliiona kuwa ni uvivu.

Nilimfahamu kwa miaka kadhaa, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwa nahisi kitu. Mke wangu alifariki Mwanza, hospitali ya rufaa, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika kwetu Same. Kisha nikarudi Bariadi na binti yetu Nakundwa, aliyekuwa na miaka minne, kwa sababu kazi yangu ilikuwa Bariadi. Mimi ni mpima ardhi wa serikali. Nilirudi kupima viwanja. Nilikula nilichowekewa mezani. Nilioga. Watu wakiniuliza habari, nilisema nzuri. Nakundwa naye akaacha kuongea. Hakulia, hakuugua, hakumsumbua mtu. Aliacha tu, kama abiria anayeshuka njiani bila kumuaga konda.

Kwa kuwa nilikuwa nashinda porini na vifaa vya kupimia, Itilima leo, Sapiwi kesho, ilibidi mtoto apate pa kukaa. Nilianza na shule ya Kiingereza ambayo basi lake la njano lilipita mtaani kwetu. Pale walikuwa na usaili. Mwalimu kijana, mpole kwa kweli, alimwonyesha Nakundwa kadi yenye picha ya tufaha, tunda ambalo sijawahi kuliona likiota Simiyu, akamwomba alitaje kwa Kiingereza. Nakundwa aliiangalia kadi. Akaigeuza aone nyuma kuna nini. Nyuma hakukuwa na kitu, akamrudishia. Tukaambiwa mtoto ana tatizo na tumpeleke kwa wataalamu kwanza.

Darasa la awali la shule ya msingi iliyo karibu nasi lilikuwa limejaa watoto mpaka madirishani, na mwalimu wao alikuwa peke yake na sauti imemkauka. Kulikuwa pia na mama mmoja aliyelea watoto sebuleni kwake, kukiwa na televisheni kubwa ya katuni inayowaka kutwa nzima. Nilimpeleka huko kwa wiki chache. Nikimfuata jioni nilimkuta amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi. Nami sikuona ubaya wake, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyokuwa nikikaa ofisini.

Dereva wetu wa ofisi, Masanja, mwenyeji wa Sapiwi, ndiye aliyenitajia Mwalimu. Hakumtaja kwa kumsifia.

"Yule mama alinifundisha darasa la nne," alisema, macho barabarani. "Alinichapa, bosi. Alichapa mpaka nikajua mikoa yote. Sasa amestaafu, ameanzisha chekechea yake, hachapi tena. Hafundishi chochote. Watoto wanashinda wanachezea matope. Ukitaka mtoto wako asisome, mpeleke."

"Kuna usaili?" nilimuuliza.

Alicheka. "Wa kufinyanga matope?"

Kilichonipeleka ni hicho, kwamba hakukuwa na usaili. Sikuwa nimesoma popote kuhusu malezi ya kisasa, wala sikuwa na msimamo wowote juu ya elimu. Nilitaka mlango ambao mtoto angeingia bila kuulizwa tufaha.

Lakini Mwalimu naye alikuwa na maswali yake, na alimuuliza mzazi. Asubuhi ile ya kwanza aliniangalia mimi kwanza, halafu mtoto.

"Mwangaluka," alinisalimia kwa Kisukuma. Nikaitikia kwa lafudhi yangu ya Upareni. Hakutabasamu.

"Anajikojolea?"

"Hapana."

"Anang'ata?"

"Hapana."

"Anaongea?"

"Aliacha."

"Aliacha lini?"

"Mama yake alipofariki."

Alimshika Nakundwa mkono, akageuza vidole vyake juani. "Kucha ndefu. Mkate jioni." Kisha akamvuta ndani, na geti likafungwa.

Hakusema pole. Mji mzima ulikuwa umeniambia pole, ofisini, sokoni, kanisani, mpaka neno lenyewe nilikuwa nalisikia kama honi ya gari linalopita. Nadhani nilirudi kesho yake kwa sababu yeye hakulisema.

Uani kwake niliingia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mpaka. Jirani alikuwa akisogeza uzio, na Mwalimu, aliyekuwa ameuliza kazi yangu, akaniita Jumamosi moja nije nimwonyeshe bikoni za kiwanja, yale mawe ya mipaka, ziko wapi. Watoto hawakuwepo. Nilizunguka na kamba yangu, na yeye akinifuata nyuma akinieleza kila kitu nilichokaribia kukikanyaga.

Kulikuwa na lundo la mchanga wa mtoni. Kulikuwa na karai la maji na makopo ya ukubwa tofauti. Kulikuwa na shimo la udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye viatu vyetu porini mpaka tunatembea kama tembo, na yeye alikuwa ameuloweka makusudi. Ukutani, kwenye ubao mrefu, walisimama ng'ombe wa udongo, wakubwa na wadogo, wenye pembe na wasio na pembe, wengine wamepasuka kwa jua. Hakukuwa na dawati. Hakukuwa na herufi hata moja popote. Kulikuwa na kinu kidogo na mchi wake, jembe lililokatwa mpini, na kwenye ndoo iliyofunikwa, visu vidogo.

"Hivi ni vya nani?" niliuliza.

"Vya watoto. Tunamenya viazi, tunavikata, tunaanika michembe."

"Visu vya kweli?"

"Sasa utamenya na kisu cha uongo?"

Akachukua kimoja, akakijaribu kwenye ukucha. Alivinoa mwenyewe kila Jumapili baada ya misa, kwa sababu, alisema, kisu butu kinateleza na kinachoteleza ndicho kinachojeruhi. Kwa muda wote niliomfahamu sikusikia mtoto aliyekatwa zaidi ya mkwaruzo. Lakini minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, ilizunguka uwanja mzima, na aliivumilia. Watoto walifundishwa siku ya kwanza kutoivunja, na hawakuivunja. Nilimuuliza kwa nini asijenge ukuta. Aliniangalia kama mtu aliyeniona nimelewa.

Alikuwa na maneno yake machache aliyoyatumia kwa kila jambo. La kwanza lilikuwa "mwache." Mtoto anapanda tairi na ataanguka: mwache. Mtoto anabishana na mwenzake juu ya kopo: mwache. Mzazi analalamika kwamba mwanawe amevaa shati kinyume tangu asubuhi: mwache. Jingine alikuwa akimwambia binti mmoja aliyemsaidia kupika uji: "Usimsaidie kabla hajakasirika." Alikuwa na imani kwamba mtoto akisaidiwa mapema mno anaibiwa kitu, na akisaidiwa amechelewa mno anakata tamaa, na kwamba pale katikati kuna hasira ndogo, ambayo ndiyo saa yenyewe. Aliiangalia hasira hiyo kama mpishi anavyoangalia maziwa jikoni.

Kwa watoto hakupaza sauti kamwe. Kwa wakubwa alikuwa mkali mpaka aibu. Nilimwona akimfukuza mchungaji mmoja aliyekuja kuombea kituo wakati watoto wamelala mchana. Nilimwona akimrushia mbuzi kandambili na kumtukana kwa Kisukuma tusi ambalo Masanja alikataa kunitafsiria. Mama mmoja, mke wa afisa aliyehamia kutoka Dar, alimuuliza getini lini watoto wataanza kusoma. Mwalimu akamjibu kwamba wataanza wakiwa na miaka sita, na kama ana haraka, asome yeye.

Mama yule alimwondoa mtoto wake wiki ile ile. Mwalimu hakujali, au alionekana hajali. Baadaye binti wa uji alinieleza kwamba ng'ombe wa yule mtoto, mwenye pembe moja, hakuondolewa ubaoni mpaka alipobomoka mwenyewe.

Nilichoshindwa kukielewa ni mjukuu wake. Mwalimu aliishi na mjukuu wa kiume, mtoto wa binti yake aliyekuwa akifanya kazi Busega, na mjukuu huyo hakukanyaga uani kwa bibi yake saa za watoto. Alipanda basi la njano. Alivaa soksi nyeupe, tai, na kaptula ambayo bibi yake aliipiga pasi ya mkaa kila alfajiri kabla ya kwenda kusimama getini. Alijua kuhesabu kwa Kiingereza na kulitaja tufaha.

Siku moja nilimuuliza. Nilimuuliza bila ujanja, kwa sababu sikuwa na nguvu ya ujanja.

"Huyu mbona humfundishi wewe?"

"Huyo si wangu. Ni wa mama yake."

"Lakini unaamini hii ya kwako ndiyo bora?"

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Mama yake anataka mtoto wa tai. Nimwambie nini? Mimi nilimlea yeye kwa fimbo."

Hapo ndipo pekee nilipomsikia akigusa habari ya fimbo. Mjini walikuwepo wanaume wazima, wenye maduka na wenye vyeo, ambao walimpisha njia akipita na kufunga viganja bila kujijua. Nilimdadisi zaidi kidogo hapo hapo, nikamuuliza kama ni kweli alichapa kama Masanja anavyosema.

"Nilichapa sana," alisema. "Jioni mkono uliniuma." Akaendelea na mchele.

Sijui kilichombadilisha. Watu walikuwa na hadithi zao: wengine walisema alikwenda semina, wengine walisema kuna mtoto alizimia. Yeye hakuwahi kuthibitisha hata moja.

Kuhusu serikali alikuwa mwongo kabisa. Siku ambazo afisa wa elimu alitarajiwa kupita, aliwaita watoto na kuwaambia leo tunacheza mchezo wa wageni. Katika mchezo wa wageni watoto walikaa kwenye jamvi kwa mistari, mikono imekunjwa, na mgeni akiingia wote walisimama na kuimba "shikamoo mgeni wetu," kisha wakatamka irabu, a, e, i, o, u, mpaka mgeni aseme inatosha. Visu vilifichwa. Ng'ombe walifunikwa shuka. Afisa, kijana mwenye heshima, alifurahishwa sana, akaandika kwamba upo upungufu wa madawati, akaondoka.

Kilichomkera Mwalimu ni kwamba watoto waliupenda mchezo ule kupita michezo yote. Baada ya afisa kuondoka waliucheza siku baada ya siku, wakipokezana kuwa mgeni, na aliyekuwa mgeni alitembea ameweka mikono nyuma na kununa. "Wanataka kukaa kwa mistari," alinilalamikia getini, amekunja uso. "Nimewapa mchanga wote ule." Lakini hata hapo alisema mwache, na akawaacha.

Nakundwa alikaa pale miezi mingi. Kila jioni nilipomfuata nilimuuliza Mwalimu swali lile lile: amekula? Na Mwalimu alijibu: amekula. Tukaenda nyumbani kwa miguu, yeye na mimi, hatusemi kitu. Nguo zake zilikuwa na matope. Nilizifua, nikazianika. Nyumbani alionyesha kwa kidole alichotaka, nami nikampa.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Same, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Aliuliza, "Naku ameshaongea?" nami nikasema bado. Aliuliza anafundishwa nini huko, nikasema sijui, wanafinyanga ng'ombe. Dada akasema hilo haliwezi kuendelea. Akasema mtoto anahitaji ndugu, anahitaji shule inayoeleweka, anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na kwa sauti yangu anavyoisikia kwenye simu mimi si mtu huyo. Hakusema kwa ubaya.

Mwisho wa mwaka, pamba ikiwa imeshauzwa na mvua zimeanza, Dada alikuja Bariadi kumchukua. Alifika na begi dogo tupu kwa ajili ya nguo za mtoto. Alipika, akapanga nyumba, akakata tiketi ya basi la kesho kutwa yake. Nilimwangalia akikunja magauni ya Nakundwa. Nakundwa alikaa kwenye kigoda akimwangalia pia. Mtu akiniuliza leo nilihisi nini, sina cha kumwambia. Niliona ni mpango mzuri. Niliona pia kwamba nguo zinaenea vizuri kwenye begi.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka Nakundwa kwa Mwalimu kwa mara ya mwisho, na baada ya mtoto kuingia nilimwambia Mwalimu kwamba kesho hatakuja, anahamia Same kwa shangazi yake.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haongei."

Mwalimu aliangalia barabarani, kisha akaniangalia. "Anaongea," alisema.

Nilifikiri hajanielewa. "Haongei, Mwalimu. Tangu mama yake—"

"Baba Naku. Anaongea. Tangu kipupwe anaongea."

Alinyanyua geti, akatoka nje, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za watoto. Akanishika mkono wa shati, akanizungusha nyuma, upande ambao minyaa ilikuwa nyembamba. "Simama hapa. Usiguse hicho kitu. Usikohoe."

Nikasimama. Niliona vipande vya nguo kupitia vijiti vya kijani. Nilisikia makopo, maji, mtoto akicheka kwa pua. Kisha nikasikia sauti ya binti yangu. Niliitambua mara moja, japo ilikuwa imekuwa nzito kidogo. Aliongea haraka, kwa amri, sentensi moja baada ya nyingine, na sikuelewa hata neno moja. Alikuwa akiongea Kisukuma.

Nilisikiliza kwa muda. Mke wangu hakukijua Kisukuma, na mimi najua salamu tu. Mtoto wangu alikuwa amekwenda kuchukua maneno mapya mahali ambapo hakuna hata moja aliloachiwa na mama yake.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza Mwalimu.

Alitega sikio. "Anamwambia mwenzake aache kumwaga maji. Yeye ndiye anayenywesha ng'ombe leo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama amekula."

Nikamwangalia. Nadhani aliona kwamba jibu lile lilikuwa kali mno hata kwa mzazi, kwa sababu aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi.

"Ningekuambia, ungekwenda nyumbani ukamngojea aseme. Ungemkodolea macho. Na dada yako kwenye simu, sema baba, sema shangazi. Angenyamaza na hapa. Mimi nilitaka apate mahali pamoja ambapo hakuna anayemngojea."

Huenda alikuwa sahihi. Huenda pia alininyima miezi ya kujua kwamba mwanangu yuko hai upande ule wa uzio, na hakuwa na haki hiyo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo, na bado sijaamua. Wakati ule sikukasirika. Nilimshukuru, nikasema wabeja, mojawapo ya maneno machache niliyoyajua, nikaenda kazini.

Jioni nilimwambia Dada kwamba Nakundwa hataondoka.

Dada alikuwa ameinama kwenye begi. "Umesema?"

"Anaongea kule kwa Mwalimu. Nimemsikia."

"Kasema nini?"

"Sikuelewa. Ni Kisukuma."

Dada alikaa kitandani. Aliniangalia, kisha akamwangalia mtoto mlangoni. "Kwa hiyo anaongea lugha ambayo baba yake haijui, na ndiyo sababu unataka abaki."

"Ndiyo."

"Huo ni wazimu, mdogo wangu."

"Inawezekana. Lakini hatoki hapa."

Alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Akazitoa nguo kwenye begi moja moja, akazirudisha kabatini zikiwa zimekunjwa vizuri kuliko mwanzo. Akapanda basi peke yake. Kwa muda hakunipigia Jumapili.

Nakundwa aliongea nyumbani baada ya sikukuu za mwaka mpya, tukiwa mezani. Alionja ugali na mlenda, akasema, "Chumvi." Nikampa chumvi. Nilikumbuka alivyosema Mwalimu, sikumkodolea macho. Niliangalia sahani yangu mpaka tukamaliza.

Nisimfanye Mwalimu malaika. Nakundwa alipoingia darasa la kwanza hakujua hata kuandika jina lake, na watoto waliotoka kwenye mabasi ya njano walimcheka. Kwa muda mrefu alikuwa wa mwisho au wa karibu na mwisho. Nilikwenda Malambo kumwambia Mwalimu, na safari hiyo nilikwenda na lawama.

"Atasoma," alisema.

"Lini?"

"Akiona kuna kitu anataka kujua."

"Na wanaomcheka?"

Alisugua viganja vyake, akasema watoto wengine ni wabaya. Nilimwona siku ile kama mtu wa kawaida, mzee kidogo, aliyechagua jambo moja na kuziba macho kwa mengine. Nakundwa alikuja kusoma, kwa wakati wake, na sasa anasoma chochote, hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbegu. Lakini mwaka ule ulikuwa mgumu kwake, na haukuwa lazima uwe mgumu kiasi kile.

Kituo chenyewe kilikufa bila kelele. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa marehemu mumewe, na ndugu wa mume walipopata mnunuzi, walikiuza. Hakukuwa na kesi. Nilipita hapo nikitoka kazini nikakuta minyaa imekatwa, utomvu mweupe umetapakaa ardhini, na vijana wamejifunga vitambaa machoni wakichoma mashina. Leo pale pana gereji. Mwalimu alikuwa ameshahamia kwa binti yake, upande wa ziwani. Hakuaga mtu.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikwenda Kalemela, huko Busega, na Masanja kupima maeneo ya kijiji, na wakati wa mapumziko tulikuwa tukinunua samaki kwenye kibanda cha barabarani. Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kibanda, miguu ameinyoosha juani. Masanja alimtambua kabla yangu. Akanyoosha mgongo kama askari. "Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. We' ni Masanja. Wa Sapiwi. Mikoa ilikuwa inakupiga chenga."

Masanja alicheka kwa furaha kama aliyepewa cheti. Nikasogea, nikamsalimia. Aliniitikia vizuri, kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni.

"Ni mimi, Mwalimu. Baba Nakundwa. Mpima ardhi."

"Mpima ardhi," alisema. "Ulinionyesha bikoni."

"Ndiyo. Na mwanangu alikuwa kwako. Nakundwa."

Alifikiri. Hakuwa amechanganyikiwa, macho yake yalikuwa makali vilevile. Alifikiri kwa uaminifu, akitafuta. "Nakundwa. Aling'ata?"

"Hapana. Alikuwa haongei. Mama yake alifariki. Ulinisimamisha nyuma ya minyaa nikamsikia."

"Mm." Alitikisa kichwa taratibu. "Wenye kung'ata nawakumbuka wote. Kuna mmoja alinipa kovu hili." Akanionyesha kifundo cha mkono. "Mwingine alikuwa anakula mchanga, yule wa daktari. Lakini wako, baba... Watoto walikuwa wengi. Samahani."

"Haina shida, Mwalimu."

"Yuko mzima?"

"Mzima. Anasoma."

"Haya. Nashukuru." Akamgeukia Masanja, akamuuliza kama mama yake bado yupo na wana ng'ombe wangapi sasa, na wakaingia kwenye Kisukuma chao.

Nikalipa samaki. Nikarudi kwenye gari, nikakaa kiti cha mbele, nikafunga mlango. Kioo kilikuwa wazi na niliwasikia wakicheka. Nilikuwa nimeubeba uso wa yule mama miaka yote hiyo kama kitu cha ndani kabisa ya nyumba yangu, na yeye hakuwa na hata jina la mtoto. Hakunikosea. Alilea watoto, wakaondoka, wakaja wengine. Nilijieleza hivyo, kwa utaratibu, kama ninavyojieleza mambo yote. Na hapo nikasikia maumivu kifuani, chini ya mfupa, makali, ya kweli. Sikuyatambua mwanzoni. Nilidhani ni joto.

Masanja alikuja, akawasha gari. "Tuondoke, bosi?"

"Ngoja kidogo."

"Umesahau kitu?"

"Hapana," nilisema, na sauti yangu ikakatika katikati ya neno. "Naumia tu."

Aliniangalia. Hakuniuliza wapi. Akazima gari.